Wankyo Anajua Sungura Wanarukia Nini

Mimi na Wankyo Werema tunashona kwenye fremu moja ya duka hapa Mukendo, Musoma, mwaka wa kumi na moja sasa. Cherehani yake iko upande wa dirishani, yangu iko karibu na mlango. Mimi nashona sare za shule na za kwaya. Yeye anashona magauni, na magauni yake yanavaliwa mpaka Tarime. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza sikuyasikia kwa watu. Nilikuwepo, na siku ile ya kwanza aliyepiga kelele mtaa mzima ukasikia ni mimi.

Wankyo si mwongeaji. Mteja akiingia, kwanza anamwangalia: bega lipi limeshuka, anasimamaje, mkono gani anabebea mkoba. Tepu inatoka shingoni baadaye. Tabia hiyo ameitoa kwao Butiama, kwenye boma la ng'ombe. Baba yake, Mzee Werema, alipata wasichana wanne mfululizo kabla ya mvulana, na ng'ombe ilibidi wachungwe, basi Wankyo akachunga. Alikuwa na miaka saba. Kila asubuhi baba yake alimsimamisha kwenye lango la zizi, ng'ombe wakitoka mmoja mmoja, anamuuliza, "Nani leo hayuko sawa?" Wankyo akikosea, ng'ombe wote wanarudishwa ndani na kutoka upya. Aliwahi kuniambia kwamba kuna asubuhi walitoka mara tatu, na jua likawakuta bado hapo langoni.

Sungura walimjia bila kutafutwa. Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wetu wa siku nyingi, alihamishiwa Tabora. Alikuwa na sungura wawili, wote majike, na hakuweza kuwapandisha kwenye basi. Akaja fremuni na kreti ya soda iliyofunikwa kwa neti ya mbu.

"Dada Wankyo, nakuomba usiwachinje. Kama huwataki niambie niwapeleke kwingine, ila usiwachinje."

Wankyo akainama, akachungulia ndani ya kreti kwa muda mrefu.

"Waache," akasema.

Huko kwao mtu akisema anafuga anamaanisha ng'ombe. Mbuzi kidogo. Sungura wasioliwa na wasiouzwa ni kitu cha kuchekesha, na mimi nilicheka. Yeye akawapa majina ya dukani kwetu. Mweupe akamwita Bafta. Mwenye mabaka meusi na ya kahawia akamwita Kitenge.

Nyuma ya fremu kuna ua, na chumba cha Wankyo kinatazama huko huko. Nyumba kubwa ya mbele ya ua ni ya Mama Stellah, mwenye nyumba wetu, anayeishi na wajukuu wake. Wankyo alimwita fundi akatengeneza banda zuri kwenye kona ya ua, lenye sakafu ya mbao na chumba cha kujificha. Siku mbili sungura walikaa humo wamejikunyata, wanakula kidogo, wanatetemesha pua. Siku ya tatu, asubuhi tumefungua tu fremu, akawafungulia mlango wa banda watembee uani.

Bafta akatoka polepole. Akanusa ndoo, akanusa kandambili zangu. Halafu, bila mtu kumgusa, akachomoka kama amepigwa na umeme. Akazunguka ua mbio, akakata kona, akarudi, mara akaruka juu, na akiwa huko juu mwili ukajipinda: kichwa kinaelekea huku, miguu ya nyuma inapiga teke kule. Akatua ameangalia alikotoka. Akaruka tena.

"Degedege!" nikapiga kelele. "Wankyo, sungura ana degedege! Leteni maji!"

Mama Stellah akatoka na mwiko mkononi. Wajukuu nyuma yake. Kufika tu, Kitenge naye akaanza, na yeye akaruka pembeni kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Hicho ni kichaa," Mama Stellah akasema, akiwasukuma wajukuu warudi ndani. "Nimeshawahi kuona mbwa akiwa hivyo. Wankyo, mimi nina watoto humu. Hawa wanyama leo hii hii watoke."

Wankyo hakuwa amesogea. Alikuwa amechuchumaa ukutani, mikono imening'inia magotini, anaangalia. Nikamwambia awashike basi. Akanyanyua kidole, maana yake nyamaza.

Bafta akasimama. Akakaa kwa makalio, akajilamba viganja vya mbele, akajipangusa uso kama mtoto aliyenawishwa. Kisha akaenda kwenye majani ya matembele, akaanza kula. Kutafuna kwake kulikuwa kwa haraka na kwa utulivu mmoja.

"Mama Stellah," Wankyo akasema, "mwenye degedege akizinduka hukuti anaomba chakula."

"Mimi sijui anaomba nini. Watoke."

"Nipe wiki moja mama yangu. Nitawafungulia nikiwepo mwenyewe tu, na wajukuu watakuwa ndani. Wiki ikiisha nikiwa sina jibu, nitawatoa kwa mkono wangu."

Mama Stellah alimheshimu Wankyo kwa sababu ya utulivu wake. Akakubali, ila akisema wiki ni siku saba, si nane.

Kuanzia hapo mwenzangu alifanya kazi mbili. Tuna daftari la vipimo vya wateja; akalifungua kwa nyuma akaanza kuandika vipimo vya sungura. Aliandika saa, na alichokula Bafta kabla. Masikio yalikuwa juu au yamelala. Alikimbia katikati ya ua au alifuata ukuta. Alipomaliza alifanya nini. Alichukua chaki ya kuchorea nguo akachora mistari ukutani, kila mstari inchi sita, ili ajue anaruka kimo gani. Mruko mrefu kuliko yote wa wiki hiyo ulifika juu kidogo ya futi mbili, na aliuandika kwa herufi kubwa. Nikamwuliza kama anataka kumshonea Bafta gauni.

"Mama Gody," akanijibu bila kucheka, "huyu ananiambia kitu. Sijakielewa tu."

Jumapili baada ya misa akapanda gari kwenda Butiama kwa baba yake, na mimi nikamsindikiza kwa sababu nilikuwa na mazishi huko jirani. Tulimkuta Mzee Werema amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anasokota kamba ya kufungia ndama. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza habari za mjini. Wankyo akamwelezea. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Nimekufundisha ng'ombe miaka tisa, leo unaniletea habari za panya wenye masikio marefu?"

"Baba, naomba unisaidie. Wanarukaga ghafla. Watu wanasema ni kichaa."

Mzee akasokota kamba yake kidogo. "Akimaliza kuruka, anakula?"

"Anakula."

"Anakojoa vizuri? Choo?"

"Vizuri."

"Anafanya hivyo wakati gani?"

"Asubuhi nikimfungulia. Na jioni jua likishapoa. Mchana analala tu."

"Sasa niambie wewe. Ndama aliyelala ndani, ameshanyonya akashiba, asubuhi ukimfungulia anafanyaje?"

Nikamwona uso unabadilika, kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima na kumbe ameivaa. Ndama akifunguliwa huinua mkia, akakimbia bila sababu, akarusha miguu ya nyuma hewani, akazunguka mama yake, akarudi. Hata mimi niliyekulia ziwani, kwa watu wa dagaa, nimeona.

"Anafurahi," Wankyo akasema.

"Unaniuliza kitu ulichokijua una miaka saba," mzee akasema. Kisha akaweka kamba chini, na hapo akaongea kwa namna ya mtu anayetoa somo. "Lakini usikimbilie. Ng'ombe akiumwa na mbung'o naye anakimbia, naye mkia juu. Mtu mgeni ataona mbio tu. Wewe angalia anakimbia kutoka wapi, anakwenda wapi, na akifika anakuwaje. Mwenye furaha hana anakokwenda."

Njia nzima ya kurudi Musoma Wankyo alikuwa anatabasamu dirishani.

Siku ya saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Stellah akakuta amewekewa kiti uani, kikombe cha chai na maandazi. Akakaa, amekunja uso. Wankyo akasimama karibu na banda.

"Mama, sasa hivi nitawafungulia. Bafta atatoka wa kwanza. Atanusa ndoo. Nikimwaga haya matembele atakula majani mawili au matatu, kisha atazunguka ua, apitie hapa katikati, na ataruka na kujigeuza. Akimaliza atanawa uso. Kama ni kichaa, kitafuata nilivyosema?"

Akafungua. Bafta akatoka, akanusa ndoo. Akala majani. Tukasubiri. Akaendelea kula, nikamwona Mama Stellah anaweka kikombe chini tayari kusema lake. Ndipo Bafta alipochomoka. Alizunguka ua mara mbili, akapita chini ya kiti cha Mama Stellah, akaibukia upande wa pili, akaruka juu na kujipinda hewani, miguu ikapiga teke kushoto, akatua, akaduwaa kidogo kama amejishangaa mwenyewe, akakaa na kunawa uso.

Mama Stellah alicheka mpaka kanga ikadondoka. Akaita wajukuu waje kuona. Akataka arushwe tena, na Wankyo akamweleza kwamba harushwi, anaruka akipenda, na ukimlazimisha hutauona tena mruko ule. Mama Stellah akasema hata yeye enzi zake alikuwa hivyo hivyo kwenye ngoma. Toka siku hiyo wageni wake wote walipitishwa uani kwanza.

Lakini Wankyo hakuacha kuandika. Maneno ya baba yake kuhusu mbung'o yalikuwa yamemkaa. Kuna jioni moja Kitenge alikimbia ghafla na mimi nikapiga makofi, nikisema haya, kafurahi. Wankyo akaniambia, "Hapana, sikiliza." Kitenge alikuwa amefika bandani na anapiga sakafu kwa mguu wa nyuma, du, du, masikio yamebana mgongoni, jicho limetoka. Tukaangalia juu. Kwenye bati la jirani kulikuwa na paka dume mkubwa ametulia tuli. Siku hiyo ndiyo na mimi nilianza kuona tofauti. Kukimbia kulikuwa kule kule, ila huyu alikuwa na anakokwenda.

Habari zikatembea. Mjini hapa wako watu wengi kuliko nilivyodhani wanaofuga sungura wa kupendwa, walikuwa wanaona aibu tu kusema. Wakaanza kuja fremuni. Mwanaume mmoja wa Makoko alisema sungura wake anamzunguka miguuni huku anaguna, je, ni furaha? Wankyo akamuuliza ni dume au jike, ana miezi mingapi, na akajibu, "Huyo anatafuta mke. Amekuchagua wewe." Tulicheka wiki nzima. Mwingine alileta habari ya sungura anayerukaruka na kutikisa kichwa, na huyo Wankyo alimwambia asipoteze muda, ampeleke kwa daktari wa mifugo, kwa sababu kutikisa kichwa mara moja ukiwa unaruka ni kitu kimoja, na kutikisa kutwa nzima ni kitu kingine. Kilichonifurahisha ni kwamba asichokijua alisema hakijui.

Sasa nifike Bunda, kwa sababu ndiko alikoonekana yeye ni nani.

Mwaka jana, Mwalimu Fredi, anayefundisha shule moja ya msingi huko Manyamanyama, alifika kwetu kumsindikiza dada yake kupimwa gauni la harusi, akawaona Bafta na Kitenge. Akasema shuleni kwake wana klabu ya wafugaji na sungura kumi na mmoja, na sungura hao wana furaha ajabu. Kila siku saa nne, watoto wakitoka kwenda mapumziko, sungura wote wanakimbia na kurukaruka kuwapokea. Watoto wanawapenda hao kuliko mpira. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na mwalimu akamwomba Wankyo aje awaeleze wazazi maana ya ile miruko.

Tulikwenda wawili. Wankyo alivaa gauni lake la buluu alilojishonea mwenyewe, na mimi niliona fahari kushuka naye pale stendi ya Bunda. Shule ilikuwa imefagiliwa, viti vimepangwa, wazazi wamejaa. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee mmoja mnene mwenye kofia ya pama, alitupokea vizuri. Banda la sungura lilikuwa refu, la matofali na waya, safi, wametandika nyasi kavu. Watoto wamepaka hata rangi.

Ilipofika saa nne kengele ikagongwa. Wanafunzi wakamwagika kutoka madarasani, na kweli, sungura wote kumi na mmoja walikuwa wameshalipuka. Wakakimbia huku na huko, wakapandana, wengine wakaruka. Watoto wakapiga vigelegele. Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu Fredi, uso umejaa furaha, akampa Wankyo kipaza sauti.

"Karibu mama, tueleze furaha hii."

Wankyo akakishika kipaza sauti, asiseme kitu. Akawa anaangalia ndani ya banda. Makofi yakapungua, yakaisha. Akaendelea kuangalia. Nilijua anachofanya, lakini watu hawakujua, wakaanza kunong'ona kwamba mama wa Musoma ameogopa kuongea. Nami nikatamani ardhi inimeze.

Ndipo akasema, kwa sauti yake ile ndogo, "Samahani Mwalimu. Samahanini wazazi. Hawa hawafurahi. Wanaogopa."

Mwalimu Fredi akacheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaacha. Mwenyekiti akainuka kwenye kiti.

"Mama, watoto hawa wamefanya kazi mwaka mzima. Wewe una cheti gani cha mifugo?"

"Sina cheti, mzee wangu. Mimi ni fundi cherehani."

"Sasa unatuambiaje?"

"Naomba mnisaidie kuangalia. Kama nimekosea mtaona wenyewe, na nitaomba radhi hapa hapa."

Akawaomba watoto wakae chini, wote, na wasiseme neno. Akawaelekeza kwa kidole. "Ona, wote wameishia kona ile ya mbali, wamelaliana. Anayefurahi hajazi kona. Walikimbia wakifuata ukuta, hakuna aliyepita katikati. Masikio yamebana. Majani mliyowawekea hakuna aliyeyagusa. Na hakuna aliyenawa uso." Mtoto mmoja wa kike mbele akasema kwa sauti, "Kweli, huwaga hawali mapumziko, wanakulaga tukiondoka." Mwalimu akamwangalia mtoto yule, na nikaona kitu kinamgonga moyoni.

"Wanatuogopa sisi?" mtoto akauliza.

"Sidhani, mama," Wankyo akasema. "Walianza kukimbia kabla hamjatoka madarasani. Nilikuwa naangalia."

Akazunguka nyuma ya banda. Tukamfuata, mwenyekiti na sisi wote. Nyuma ya ukuta ule wa matofali, karibu kabisa, hatua moja tu, palikuwa na nguzo, na kwenye nguzo limening'inizwa rimu la gari. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele ya shule.

Wankyo akaokota chuma cha kugongea, akampa Mwalimu Fredi. "Mimi nakwenda mbele kuangalia. Gonga mara moja tu. Watoto wasinyanyuke."

Watoto walikaa kama wamegandishwa na gundi. Mwalimu akagonga. Nikiwa nimesimama pale nyuma, sauti ile iliniingia mpaka kwenye meno. Nikichungulia pembeni ya banda nikaona sungura wakilipuka upya, wakagonga ukuta, wakarudi kwenye kona ile ile, na hakuna mtoto aliyesogea. Mmoja akabaki anapiga sakafu kwa mguu.

Mwenyekiti akavua kofia yake. Alikwenda mwenyewe kwenye nguzo, mzee yule mnene na suti yake, akalifungua lile rimu, akalibeba mpaka kwenye geti la shule, akalitundika kwenye tawi huko. Watoto wakamsindikiza. Mwalimu Fredi alibaki amesimama na chuma mkononi.

"Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima nawaambia watoto wanatusalimia."

"Ulikuwa unawapenda," Wankyo akamwambia. "Banda ni safi, chakula kipo. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu. Na hata mimi rafiki yangu hapa alisema wangu wana degedege."

Watu wakacheka, nami nikainua mkono kukiri mbele ya wazazi wote.

Mwalimu akauliza kama kesho wataanza kuruka kwa furaha. Mtu mwingine angesema ndiyo ili aondoke na makofi yake. Wankyo akasema hajui. Akasema wawekewe maboksi ya kujificha, watoto waingie wawili wawili na kukaa chini bila kuwashika, wafunguliwe asubuhi na jioni kwenye nafasi pana yenye uzio, na wasubiri. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mwezi. Akamshika sungura mmoja aliyekuwa anajikuna sikio, akalikunja sikio taratibu, ndani mna ukoko wa kahawia, akasema huyo atengwe na aitwe daktari wa mifugo, wasiubandue ukoko kwa mkono.

Siku ya kumi na tisa simu ya Wankyo ikalia tukiwa tunakata vitambaa. Ilikuwa video. Kwenye nyasi za shule, jua la asubuhi, sungura mmoja wa kijivu anakula, anaacha, anakimbia nusu duara na kuruka juu, mwili unajipinda, miguu inapiga hewa. Nyuma unasikia watoto wanajizuia kupiga kelele, mtu anasema "shhh, shhh," na Mwalimu Fredi anasema kwa kunong'ona, "Mama Wankyo, umeona? Umeona lakini?" Wankyo aliiangalia mara sita. Kisha akaenda nyuma uani, akakaa huko peke yake kwa muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na gauni alilokuwa anakata alilikata vizuri kuliko kawaida.

Video ile ilizunguka. Mwezi wa nane, wafugaji wadogo wa mkoa walipokutana Butiama kwa siku mbili, wakamwita azungumze. Mimi nilikwenda, Mama Stellah alikwenda, Mwalimu Fredi alileta watoto wanne wa klabu. Ukumbi ulikuwa na wataalamu wenye vyeti vyao, nao walimsikiliza, wakaandika. Aliongea dakika ishirini bila karatasi. Alisema usiangalie mbio, angalia kabla na baada. Akataja aliyemfundisha, kwamba alikuwa langoni mwa zizi, siyo darasani.

Mzee Werema alikuwa amekaa mstari wa pili, amevaa koti lake la misa. Mtu wa kando yake, asiyemjua, akamwuliza kwa sauti ya chini huyu mama anayeongea ni nani. Nilikuwa nyuma yao nikasikia. Mzee hakumjibu yule mtu peke yake. Alisimama, akiwa ameegemea fimbo, ukumbi ukageuka.

"Huyu ni wangu," akasema. "Ni mtoto wangu wa pili. Mimi nilimfundisha ng'ombe. Haya ya sungura amejifundisha mwenyewe, na mimi nilimcheka. Basi."

Akakaa. Wankyo alisimama pale mbele akishindwa kuendelea, na ukumbi ukampigia makofi mpaka akaendelea.

Siku hizi hajabadilika. Bado anashona upande wa dirishani, bado mteja anaangaliwa kwanza kabla ya tepu. Afisa mifugo wa kata akipata mtu mwenye sungura wa ajabu anamwelekeza kwetu, na Wankyo akiona ugonjwa anawarudisha kwa afisa. Juzi walikuja mume na mke kutoka Murangi, wamepanda pikipiki na sungura wao ndani ya kikapu, wakasema wameambiwa tu wafike Mukendo waulize.

Hilo la kuuliza nimelimaliza mimi. Wankyo alipokwenda kwao kwa wiki moja, nilimwita mchoraji, nikamsimamia mwenyewe, akaandika kwenye ukuta wa fremu, juu ya dirisha lake, kwa rangi nyekundu: WANKYO WEREMA, FUNDI WA MAGAUNI NA MJUZI WA SUNGURA. Aliporudi akasimama barabarani anasoma, begi bado mkononi.

"Mama Gody, nani kakwambia uandike hivi?"

"Hakuna."

"Watu wataniona najisifu."

"Aliyeandika ni mimi," nikamwambia. "Kwa hiyo anayesifu ni mimi. Ingia ndani, kuna mteja anakusubiri."

Akatikisa kichwa, akaingia. Maandishi hayajafutwa.